Pampu Uliyoichagua, Salima

Salima,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako na jua bado liko juu ya ziwa, kwa hiyo naandika sasa, nimekaa mlangoni, karatasi karibu na pua. Jua likishuka sitaweza tena. Usizicheke herufi hizi kwa kuwa kubwa kama za mtoto anayeanza shule. Nimeziandika kwa ukubwa ninaoweza kuuona.

Kesho unavuka mpaka kwenda Bukavu, kukaa nyumbani kwa Mzee Kalume na kumtunzia akwariamu yake mpya. Shangazi zako watakwambia usali, ujifunike, ule, uchunge simu yako. Hayo nawaachia wao, wanayapenda. Mimi nitakueleza habari za pampu, kwa sababu pampu ndizo zitakazokuweka pale au kukufukuza pale, na kwa sababu huzijui. Unafikiri unazijua. Umesimama karibu nami ukishika taulo tangu umalize shule, ukaona mkono wangu ukizungusha kitufe, ukadhani kazi ni kuzungusha kitufe.

Tuanze na siku ile ya salon, sebuleni kwa Mzee Kalume, maana tangu siku ile hatujaizungumza, tunapitana tu humu ndani kama wapangaji wawili.

Wageni wa Mzee Kalume walikuwa wamejaa kwenye viti, wafanyabiashara wa saruji kutoka ng'ambo ya mpaka, na bia ilikuwa mezani. Ile kona ya kushoto ya akwariamu ilikuwa imeshika utelezi wa kahawia, na matumbawe mawili pale yalikuwa yamekufa, yamebaki meupe kama mifupa ya kuku. Mzee akauliza kwa nini kona ile ni chafu. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia kwamba pampu ya upande ule ilikufa zamani, kwamba nilimwomba nyingine akakataa, na kwamba maji yakisimama uchafu unakaa palepale. Wewe ukanitangulia.

"Patron, Maman haone tena muzuri. Ile kasi ya maji anaipanga kwa kukisia tu."

Mzee Kalume hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Alifurahi kama mtu aliyeletewa mchezo. Akanisimamisha mlangoni, akaonyesha kwa kidole kile kidubwasha cha kurekebisha pampu, chenye namba zinazowaka, akasema: "Maman Salima, soma. Iko namba gani?"

Nikasema sioni.

"Sogea."

Nikasogea. Sikuona. Akasema tena sogea, na wageni wakaanza kusema naye, "Sogea! Sogea!" kama wanamsukuma mbuzi. Nikasogea mpaka paji la uso likagusa kabati, na hata pale niliona mwanga mwekundu tu, umetapakaa kama mafuta juu ya maji. Mmoja akasema, "Bibi huyu analisha samaki kwa pua," na wakacheka mpaka chupa ikaanguka.

Ndipo Mzee akakugeukia. "Na weye, mutoto? Unaona?"

Ulikuwa nyuma kabisa, karibu na dirisha. Ungeweza kusema huoni. Ulisema, "Sitini, Patron."

Akapiga makofi. "Voilà! Huyu ndiye atakuja Bukavu."

Sikuandiki haya ili ulie. Nakuandikia kwa sababu ulichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo limenikaa kooni. Macho yangu yameingia ukungu. Nilikuwa nakisia. Ungekuwa umesema uongo ningekuzaba kofi njiani tukirudi, jambo likaisha, tukala dagaa wetu wa sambaza kama siku nyingine. Lakini mtu hawezi kumpiga mtoto kwa kusema kweli, hata kama aliisema mbele ya wageni, hata kama aliisema apate kazi ya mama yake.

Sasa pampu.

Mzee Kalume aliiona akwariamu ya kwanza huko Dubai alikokwenda kununua matairi, akarudi anataka bahari ndani ya nyumba. Nyumba yake ya huku inatazama ziwa Kivu, maji matamu mpaka mwisho wa macho, na yeye anataka ya chumvi. Chumvi ikaletwa kwa ndoo kutoka Kigali, matumbawe yakaja yamefungwa kwenye mifuko, na mimi niliyekuwa nafua mapazia nikaambiwa nishike kazi hiyo, maana nilikuwa mwangalifu na vyombo vya glasi. Bahari yenyewe sijaiona mpaka leo. Nimejifunza tabia yake kwa kuvichunguza viumbe vyake.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba matumbawe hayaendi kutafuta chakula. Yameshikamana na jiwe, yanangoja maji yayaletee chakula na hewa na kuyaondolea uchafu. Maji yakilala, yanakosa pumzi mahali palepale yalipo. Maji yakipiga kwa nguvu upande mmoja tu, nyama inachanika na kutoka kwenye mfupa. Pampu ya kwanza ilinunuliwa na mpwa wa Mzee. Ilikuwa na nguvu moja tu, ama inawaka ama imezima. Ikachimba mchanga mpaka glasi ya chini ikaonekana, ikaubwaga mchanga ule juu ya matumbawe yaliyokuwa mbele yake, na yale ambayo hayakufukiwa yalichunwa. Niliyaona yakichunwa kidogo kidogo, na sikujua ninachokiona. Nilidhani yanabadilisha rangi. Nikamwita Maman Clarisse, mke wa Mzee, aje aone yalivyokuwa yanapendeza.

Kwa hiyo pampu isiyorekebishika usiinunue, hata upewe bure. Nunua ile yenye kitufe cha kupunguza na kuongeza, na yenye kubadilisha mtindo: mara maji yaende taratibu, mara yasukume na kuachia kama mtu anayepumua. Hizo za bei nafuu zipo, na si zote mbaya. Ila maneno ya kwenye boksi usiyaamini. Wanaandika lita za maji zinazosukumwa kwa saa kama mchuuzi anayesifu ndizi zake, na wamezipima kwenye maji matupu yasiyo na jiwe hata moja. Nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa, uziweke pande mbili zinazotazamana, ili mawimbi yagongane katikati na kusambaa. Moja ikifa, nyingine itayaweka matumbawe hai mpaka upate ya kubadilisha. Mzee atakwambia mbili ni ghali. Mwambie akwariamu yote ikifa ni ghali zaidi, lakini mwambie akiwa peke yake, kamwe asiwe na wageni.

Ukiwa dukani mwombe muuzaji aichomeke kwenye umeme, uzungushe kitufe mpaka nusu, kisha uichomoe ghafla na kuichomeka tena. Zipo za bei rahisi ambazo umeme ukikatika na kurudi zinasahau ulichoziambia. Nyingine zinarudi na nguvu zote. Nyingine hazirudi kabisa, zinakaa kimya mpaka mtu aje kuzibonyeza. Umeme wa Bukavu unaujua. Uliza pia kama inaweza kuunganishwa na betri, na kama wanauza kile kifeni kidogo cha ndani kinachozunguka kusukuma maji, pamoja na kijiti chake, kwa sababu ndicho kinachokufa kwanza. Pima unene wa glasi kabla hujaondoka nyumbani. Pampu inashikiliwa na sumaku mbili, moja ndani moja nje, na glasi nene kuliko uwezo wa sumaku itaiangusha chini iingie mchangani. Kidubwasha cha kurekebishia kitundike mbali na maji, waya wake ushuke chini ya tundu la umeme kabla ya kupanda tena, ili tone la chumvi lianguke sakafuni lisiingie ndani. Mimi nilikiweka juu ya kifuniko kwa sababu nilikuwa nakisoma kwa karibu. Chumvi ikakila.

Ukishaiweka, anza na nguvu ya chini kabisa, ongeza kidogo siku baada ya siku. Usiangalie pampu, angalia vidole vya matumbawe. Vikiinama na kurudi, vikiinama na kurudi, acha hapo. Vikiinama upande mmoja bila kurudi, punguza. Vikijikunja ndani na kubaki hivyo, umeshachelewa.

Haya yote ungeweza kujifunza kwa kuharibu. Mimi nilijifunza hivyo. Lakini lipo moja ambalo halikupi nafasi ya pili, nalo ndilo lililonifanya nikae hapa mlangoni leo.

Wewe ulikuwa kwa bibi yako, kule Nyakarenzo, ulikuwa bado unasoma. Pampu ya mpwa ilikuwa imetupwa na Mzee alinituma ng'ambo nikatafute yenye kurekebishika. Nikapata moja kubwa kwa bei nzuri, yenye kitufe, yenye mitindo ya mawimbi, na nilirudi nimeibeba kifuani kama mtoto mchanga. Nilikuwa najivunia. Nilitazama kila kitu isipokuwa mdomo wake, pale inapovutia maji. Matundu yake yalikuwa mapana, mtu angeweza kupitisha vidole viwili.

Ndani ya akwariamu kulikuwa na anemoni, kile kiumbe kama ua lenye nyuzi nene, ambacho samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanalala ndani yake. Kinaonekana kimeota mahali pamoja. Hakijaota. Kina mguu laini, na kikichoka mahali kinatembea. Siku hiyo kilichoka. Kilitambaa juu ya glasi polepole mpaka kikafika kwenye mdomo wa pampu, na pampu ikakivuta ndani, ikakikata, ikakirusha kila upande.

Nilipofika asubuhi maji yalikuwa kama uji. Vipande vyeupe vilikuwa vimenata kwenye kila jiwe. Ndani ya anemoni mna sumu, na sumu ile ilikuwa imeenea kote. Samaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanakula hewa. Walikuwa bado wazima, Salima. Wote. Na mimi nilikuwa na pipa la maji ya chumvi yaliyo tayari, nyuma ya mlango wa jikoni, maana nilikuwa nimeyachanganya kwa ajili ya kusafisha wiki ile. Nikakimbilia pipa.

Mzee Kalume alikuwa ameshuka ngazi na kikombe chake cha kahawa. Akaangalia. Akasema, "Nani alinunua hii?"

"Ni mimi, Patron. Niache nibadilishe maji, watapona."

"Acha pipa."

"Patron, bado wanapumua."

"Nimesema acha. Chukua kiti. Kaa hapa uangalie ulichoninunulia."

Nilidhani ni hasira ya kupita. Nikapiga magoti, nikamwomba kwa jina la mama yake. Akavuta kiti cha pili akakaa kando yangu. Tulikaa pale, mimi na yeye, tukiwatazama. Wa bluu alikufa kwanza, akageuka ubavu na kuzunguka na maji. Kila mmoja alipogeuka, Mzee alikuwa ananiambia, "Huyo mwingine," kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni mitaa ya mji wake. Wale wawili wa chungwa walikuwa wanarudi chini pale ulipokuwa ua lao, wanakuta jiwe tupu, wanapanda, wanarudi tena. Walidumu kuliko wote. Maman Clarisse alipita mara moja, akatuona, akafunga mlango taratibu. Mimi nilikuwa nalia, na Mzee alikuwa anautazama uso wangu mara nyingi kuliko alivyotazama maji. Wa mwisho alipogeuka, akainuka, akanyoosha mgongo na kuniambia, "Sasa unaweza kubadilisha."

Mtu unayekwenda kukaa nyumbani kwake ndiye huyo. Samaki si kitu anachokipenda.

Utauliza kwa nini nilibaki. Nimejiuliza. Matumbawe machache yalipona, na nilitaka kuyaona yakikua. Ukweli ni kwamba niliyapenda kuliko heshima yangu, na zipo siku niliyapenda kuliko wewe. Ulipougua malaria ile mbaya, niliwahi kukuacha na jirani nikaenda kusafisha glasi, na nilipofika na kuwasha taa na kuyaona yakifunguka, nilifurahi, na ulikuwa umetoka akilini mwangu. Sikuombi chochote kwa hilo. Nakwambia ili ujue kwamba kazi ile inaweza kukufanya hivyo, na hutaona ikikufanya.

Sasa nafika kwenye lenyewe.

Juzi, ulipokuwa sokoni, Mzee Kalume alinipigia simu. Hakunisalimu. Akasema, "Maman Salima, mutoto amenionyesha pompe kwenye telefone. Moja tu, kubwa, na bei yake ni nzuri. Inaongozwa na telefone. Anasema hiyo moja itatosha. Na nimeagiza anemoni tatu, kubwa. Weye unasema nini?"

Akanitumia picha. Nikaitoa nje juani, nikaikuza mpaka ikajaa kioo, nikaileta jichoni. Mbali sioni, lakini kwa karibu kabisa, kwenye jua, bado naona. Niliuona mdomo wake. Matundu mapana, hakuna wavu, hakuna sponji.

Ningemwambia. Neno moja lilitosha. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Kisha nikasikia wale wageni wakisema sogea, nikasikia sauti yako kutoka dirishani, ikisema sitini bila hata kutetemeka.

Nikamwambia, "Patron, Salima ndiye anaona. Mimi sione tena. Mufuate yeye."

Akacheka. Akasema mama mzuri ni yule anayejua wakati wake umekwisha. Pampu imeshanunuliwa. Utaikuta ndani ya boksi lake, na anemoni zitafika baada yake.

Nimekaa na jambo hili tangu juzi nikingoja nijute, na kusema kweli majuto yamechelewa. Usiku wa kwanza nililala vizuri. Nilikuona umekaa kwenye kile kiti, yeye kando yako, akikuambia huyo mwingine, na nikalala. Jana ulipokuwa unapanga nguo zako ulinyoosha mkono kuchukua kanga yangu ya kijani, ukasita, ukairudisha, ukadhani sikuona. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kukosa raha. Haikuwa sana. Kiasi cha kunifanya nitafute kalamu.

Una njia mbili, na zote zina uchungu wake.

Ya kwanza ni kunyamaza. Chukua sponji nyepesi yenye matundu makubwa, au wavu wa plastiki, ufunike mdomo wa pampu pande zote na uufunge vizuri. Itapunguza nguvu, uchafu utaziba wavu, itabidi uufue kila siku mbili tatu bila kukosa, na siku utakayosahau pampu itachemka. Iweke juu, karibu na uso wa maji, mbali na mwamba. Anemoni bado zitatembea. Utaishi ukiamka kila usiku kuzitazama. Na kona ya pili itakufa hata hivyo, kwa sababu ulichagua moja tu, kisha siku moja atauliza mbele ya wageni kwa nini kona ile ni chafu.

Ya pili ni kumwambia kabla anemoni hazijafika kwamba ulichagua vibaya. Airudishe dukani, anunue mbili ndogo zenye wavu. Atafurahi, kama alivyofurahi siku ile. Atawaita watu. Atakusimamisha mlangoni na kukufanyia mchezo wowote utakaomjia kichwani, na hutakuwa na mtu wa kumtazama mle ndani. Usipige magoti na usimwombe kwa jina la mtu. Zaidi ya yote usilie, hata machozi yakikujaa. Mimi nililia, na ndiyo maana aliniweka miaka yote hiyo.

Sitakwambia uchague ipi. Umeshaniambia kwamba sioni.

Barua hii ningeweza kuitia ndani ya begi lako ukaikute ng'ambo, mimi nikiwa salama upande huu. Nilifikiria kufanya hivyo. Lakini nitakupa asubuhi, mkononi, kabla ya chai, na nitakaa mbele yako mpaka uimalize. Shangazi zako nitawaambia wangoje nje. Ukifika hapa, inua uso uniambie unachotaka kuniambia, kiwe kibaya namna gani. Tutakuwa wawili tu, na hakuna atakayecheka.

Mama yako,
Mwajuma